Kichwa Kilichosema Hapana

Siku ya kuniaga, wenzangu wa kazini, mliniomba niwaachie maandishi kidogo kuhusu kazi, nami nikakubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kukataa mambo. Sasa niko nyumbani Buzebazeba, hapa Kigoma, miguu imevimba, daftari liko mapajani. Sitawaeleza nilipanda vyeo gani, maana hakuna mgonjwa aliyewahi kupona kwa cheo changu. Nitawaeleza kuhusu vichwa vinavyotikisika. Wengi wenu mkimwona mtu mzima anatikisa kichwa bila kutaka mnaandika neno moja, "uzee", mnaita anayefuata. Mimi pia niliandika hivyo kwa muda. Niliacha kwa sababu ya mwanamke mmoja.

Nilifika Kigoma kwa treni nikitokea Kondoa, afisa tabibu mpya mwenye koti jeupe lililokuwa kubwa mno mabegani. Nikapangiwa kituo cha afya huko Ujiji, chini ya mzee mmoja mwenyeji wa pale pale, Mzee Sefu. Yeye alikuwa mganga msaidizi wa zamani. Elimu ya darasani nilimzidi, na hilo nililijua vizuri sana kwa wiki mbili za kwanza.

Wiki ya tatu akaingia fundi wa kushona nyavu, mtu wa makamo. Shingo yake ilikuwa imejikunja kuelekea bega la kushoto na kichwa kikimrukaruka. Nilipomtazama akaweka kidole kimoja kidevuni, na kichwa kikatulia palepale. Akaondoa kidole, kikaanza tena. Nilimwambia Mzee Sefu pembeni kwamba mtu huyu anajifanya, kwa sababu ugonjwa wa kweli hauzuiwi kwa kidole. Mzee Sefu alimkaribisha yule fundi kwenye benchi letu, akampa chai, wakazungumza habari za samaki wa migebuka na bei ya uzi karibu saa nzima. Kisha akanirudia.

"Umemwangalia muda wote huo?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Anayeigiza huchoka, akipumzika anasahau. Huyu kichwa chake hakikusahau hata mara moja. Aliyechoka ni yeye mwenyewe."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndivyo misuli ya shingo inavyofanya inapopokea amri mbovu kutoka kwenye ubongo, na kwamba mguso mdogo wa kidevu huituliza kwa muda. Mzee Sefu hakuwa amesoma. Alikuwa amekaa na watu.

Kwake nilijifunza kwenda polepole. Mtu akija na kichwa kinachotikisika, mwulize amekunywa nini na ameacha kunywa nini, maana mlevi aliyenyimwa pombe siku mbili hutetemeka mwili mzima. Mshike shingo utafute tezi iliyovimba, mtazame macho, mwulize kama anakonda ilhali anakula. Mwulize dawa zote, hata zile tulizompa sisi wenyewe. Kuna mwaka nilimchoma mama mmoja sindano ya kuzuia kutapika, na kabla ya jua kuzama ndugu zake wakamrudisha shingo imepinda, macho yametazama dari, wanasema amepandwa na jini. Jini nilikuwa mimi. Na wale wanaochomwa sindano ya kila mwezi kwa ugonjwa wa akili, wengine huanza kutikisa kichwa na kutafuna kitu kisichokuwepo, nasi huandika kwamba akili imezidi kuharibika.

Hayo nilikuwa nayo kichwani wakimbizi walipoanza kumiminika. Nyinyi wengi mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa watoto. Watu walivuka milima kutoka Burundi wakashukia Kagunga, kijiji cha wavuvi ambacho kina ufuko mwembamba na mlima mgongoni. Wakajaa pale mpaka pa kulala pakakosekana. Meli ilikuwa haiwezi kufika ufukoni, hivyo watu walipakiwa kwenye mitumbwi na maboti kuifuata majini, kisha ikawaleta Kigoma, na kutoka Kigoma malori yakawapeleka kambini. Mimi nilihamishiwa kliniki ya kambini. Niliambiwa ni kwa miezi mitatu. Nilikaa miaka sita.

Kliniki ilikuwa hema refu, meza mbili na pazia moja. Asubuhi nikifika nilikuta mstari umeshazunguka hema. Niliyemtegemea ni muuguzi wangu, Sista Yusta, mwenyeji wa Kalinzi. Kiha chake na Kirundi cha wakimbizi vilikuwa karibu kama ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo alikuwa muuguzi na mkalimani kwa pamoja. Siku ambayo Sista Yusta hakuwepo, mimi niliongea kwa vidole na kwa yale maneno machache niliyokuwa nayo.

Leokadia alikuja siku ambayo Sista Yusta hakuwepo.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, kitenge kimoja cha bluu ambacho nadhani ndicho pekee alichovuka nacho. Alikaa mbele yangu akiwa ameinamisha uso, mkono umeshika kitenge kifuani. Nikamgusa tumbo kumuuliza kama panauma, kichwa kikasema hapana. Nikamgusa kifua, kichwa kikasema hapana. Nikaonyesha ishara ya kula, ya kulala, ya kuharisha. Hapana, hapana, hapana. Alisema jambo kwa sauti ya chini sana, mimi tayari nilikuwa naandika. Kwenye kadi yake niliandika: "Hana maumivu. Uchovu wa safari." Nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikaita anayefuata. Kadi ile niliiona tena baadaye na mwandiko ni wangu, siwezi kumsingizia mtu.

Siku nne baadaye akarudi. Safari hii Sista Yusta alikuwa amesimama karibu na pazia akifunga kidonda cha mtu. Nikaanza vilevile, kichwa kikakataa vilevile. Sista Yusta akageuka.

"Daktari," akasema, "mbona unaandika hapana? Huyu anasema *ego*. Kila ulichomuuliza anasema ndiyo."

Niliweka kalamu chini. Nikamtazama yule mama bila kumuuliza chochote, kama Mzee Sefu alivyomtazama fundi wa nyavu. Kichwa kiliendelea. Kilikuwa kinatikisika kulia na kushoto, kidogokidogo, haraka, bila kusimama, na hapakuwa na swali lolote la kulikataa.

Mstari nje ulikuwa mrefu. Nikamwambia Sista Yusta awaombe radhi.

Nilimshika Leokadia mkono nikahesabu mapigo ya mshipa wake huku nikitazama kichwa. Mzee Sefu aliwahi kunionyesha kijana ambaye kichwa chake kilipiga sambamba na mapigo, kwa sababu mlango mmoja wa moyo ulikuwa unavuja. Kwa Leokadia havikufuatana. Shingo haikuwa na tezi, macho ya kawaida, joto la kawaida. Hakuwa ametumia dawa yoyote ila vidonge vyangu. Nikamlaza, nikamwekea blanketi lililokunjwa chini ya kichwa, na kichwa kilipopata pa kuegemea kikatulia kabisa. Nikamwinua, nikamwambia anyooshe mikono: vidole vikatetemeka kwa mbali. Nikampa kalamu achore duara, likatoka na meno kama msumeno. Alitembea vizuri, hakupepesuka, wala mikono haikuwa mizito.

Nikamwuliza kupitia Sista Yusta yalianza lini. Akasema tangu alipoolewa. Nikauliza kwao nani mwingine anatikisika hivi. Baba yake, akasema, na shangazi yake. Kijijini watoto walikuwa wakimwiga baba yake, naye hakukasirika. Akinywa pombe ya ndizi kidogo, kichwa cha baba kilikuwa kikitulia mpaka kesho. Ila chake, akasema, tangu safari hii kimekuwa kibaya zaidi. Hakumbuki lini alilala mara ya mwisho.

Huo ni mtetemo wa kurithi. Haumuui mtu. Huzidi kwa njaa, hofu na uchovu, vitu ambavyo kambini vilikuwa vya bure. Nilikuwa nimefurahi kuupata, nakiri, furaha ile ndogo ya mtu wa kazi aliyefumbua jambo. Ndipo Sista Yusta akamwuliza kwa nini halali, na yule mama akazungumza kwa muda mrefu, na Sista Yusta akaacha kunitafsiria akawa anasikiliza tu.

Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne, Inesi. Kule Kagunga, wakati wa kupakia, mwanamume mmoja alimnyanyua mtoto akamweka kwenye boti ili mama apande baada yake. Boti likajaa, likaondoka. Mama alipata nafasi ya kuvuka siku ya tatu. Alipofika kambini alizunguka mpaka akaambiwa kuna hema la watoto waliopotezana na wazazi, na kuna karani anayeandikisha. Akaenda. Akaonyeshwa picha ya mtoto wake. Akaulizwa kama ni wake. Akasema ndiyo. Na yule karani akamwambia aende.

"Alikwambia uende wapi?" nilimwuliza.

Hakujua. Alirudi mara mbili zaidi, na mara zote aliambiwa aende. Mara ya mwisho alisikia kwamba watoto wasio na watu watapelekwa kambi nyingine, kwenye familia za kuwalea. Lori lilikuwa la Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilimwachia mwenzangu wa meza ya pili mstari wangu wote, naye hakunisamehe mpaka mwezi ukaisha. Tukaenda na Sista Yusta kwa karani.

Jina lake lilikuwa Enoki, Mtanzania mwenzangu, mgeni Kigoma kama mimi, kijana mwenye miwani na mwandiko mzuri sana. Sitaki mumfikirie vibaya. Kambini walikuwepo watu waliodai watoto wasio wao ili kadi ya chakula iongezeke, na walikuwepo waliodai kwa nia mbaya zaidi ya hiyo. Kazi yake ilikuwa kuzuia hilo, bila kumkutanisha mtoto na anayemdai mpaka majibu yao yalingane, na aliifanya kwa uangalifu. Alitutolea faili. Upande wa mama alikuwa ameandika: "Mdomo unakubali, kichwa kinakataa. Anasitasita. Si wa kuaminika." Chini yake, ya mara ya pili na ya tatu: "Kama mwanzo."

Nilimweleza ugonjwa. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akageuza ukurasa.

"Daktari, nimekuelewa. Lakini si mama peke yake. Mtoto naye tumemwuliza."

Akanisomea. Mtoto alikuwa hasemi tangu aletwe. Alikuja na homa, akatibiwa, homa ikaisha, na bado hakusema. Kila alipoulizwa kuhusu mama yake alitikisa kichwa. Wasichana waliotunza watoto wa hema lile walimwuliza siku tofauti, na jibu lilikuwa lilelile. Enoki alikuwa ameandika: "Hamfahamu." Karatasi mbili zilikuwa zimekubaliana, na karatasi mbili zikikubaliana ofisini ni vigumu mtu kuzitenganisha.

Niliomba nimwone mtoto. Nilitaka tu kujua kama naye anatetemeka, ingawa katika umri ule ni nadra. Enoki alitupeleka mwenyewe.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka na kikombe cha plastiki kisicho na kitu. Nilimwangalia vya kutosha. Kichwa chake kilikuwa kimetulia kama jiwe. Mikono pia. Sista Yusta akachuchumaa, akamsalimia, akamwuliza kwa Kirundi mama yake yukoje.

Mtoto akatikisa kichwa.

Enoki akanitazama, kana kwamba anasema umeona. Lakini mimi nilikuwa nimetoka kutazama kichwa kama kile muda mfupi uliopita. Mtoto wa miaka minne akikataa hutikisa kichwa kwa nguvu mpaka mashavu yanafuata, halafu anaacha. Huyu alikivuta kidevu ndani kidogo, akainamisha uso, akatikisa kidogokidogo, haraka, bila kuacha, macho yametulia kwa Sista Yusta. Alikuwa akisubiri kuona kama tumeelewa.

"Mwulize kama hamjui mama yake," nilimwambia Sista Yusta.

Akamwuliza.

"*Ndamuzi*," mtoto akasema. Namjua. Na akaanza tena kutikisa kichwa, mara hii akiwa ameshika kitenge cha kufikirika kifuani, jinsi mama yake alivyokishika.

Hakuwa akikataa. Alikuwa akiwajibu wote walichomuuliza. Mama yukoje? Yuko hivi. Siku kumi na tatu aliwaonyesha, nao wakaandika hamfahamu.

Enoki alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Sista Yusta ndiye aliyekwenda kumwita mama. Sitawaeleza walivyokutana. Nilikuwepo, lakini niligeuka kando, na nadhani kuna mambo ambayo mtu wa kazi hahitaji kuyachunguza. Kwenye kadi ya Leokadia niliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: "Mtetemo wa kichwa wa kurithi. Asikilizwe mdomo." Nikaweka muhuri, kwa kuwa Enoki alisema bila muhuri haisomeki.

Mwezi uliofuata nikapata vidonge vya propranolol, ambavyo huwasaidia baadhi ya wenye mtetemo huo. Nilimpima pumu na mapigo kwanza, kama mnavyotakiwa kufanya. Alivitumia wiki mbili akavirudisha. Alisema kichwa kilipungua kutikisika lakini anapata kizunguzungu akiinuka, na kuni haziwezi kumsubiri. Nilitaka kumshawishi, kisha nikamwacha. Alikuwa ameishi na kichwa kile miaka mingi kuliko mimi nilivyoishi na koti jeupe.

Ningependa kuishia hapo. Kwa miaka mingi nilipowasimulia wanafunzi wa mazoezi niliishia hapo, na wao walifurahi. Lakini sasa nimestaafu na sina wa kumfurahisha.

Wiki kama mbili baada ya lile lori la Ijumaa kuondoka bila Inesi, Enoki alikuja kliniki saa ya chakula. Nilidhani anaumwa. Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akaanza na maswali ya kuzunguka, kisha akaniuliza kama kuna vichwa vinavyosema ndiyo.

Nikamwambia vipo. Vingine hutikisika kulia na kushoto, vingine juu na chini. Sababu ni nyingi, na zile za juu na chini baadhi yake ni nzito zaidi. Nikamwuliza kwa nini.

Alinisimulia kwa sauti ya kawaida, akitazama meza yangu. Kabla ya Leokadia, wakati yeye akiwa bado kwenye meza ya wanaorudi kwa hiari, alikuja mzee mmoja akiwa peke yake. Watu walikuwa wengi siku hiyo, mkalimani alikuwa akihudumia meza tatu. Enoki alimwuliza mzee kama anataka kurudi kwao. Mzee alikubali kwa kichwa. Akamwuliza kama anarudi kwa hiari, bila kulazimishwa. Akakubali. Akamwuliza kama ana mahali pa kufikia. Akakubali. Alikuwa mtu rahisi kuliko wote siku ile. Alitia dole gumba, akapandishwa lori la mpakani.

"Alikuwa akikubali hata nilipoacha kumuuliza," Enoki alisema. "Nilikuwa naandika jina la mtu mwingine, yeye bado anakubali. Nilidhani ni adabu."

"Alisema neno lolote?"

"Alisema. Sikuelewa. Kichwa kilitosha."

Tulimtafuta. Tulikuta jina lake na dole gumba lake, na jina la tarafa aliyotoka, ambayo wakati huo hakuna aliyekuwa akiingia kwa sababu ya mapigano. Enoki aliandika barua kwa ofisi zote alizozijua upande ule na upande huu. Mimi nilipekua kadi zetu zote za kliniki nikitumaini kwamba niliwahi kumwona, kwamba kuna mahali niliandika jambo. Niliikuta kadi yake. Alikuja mara moja, siku ambayo mstari ulikuwa mrefu. Nilikuwa nimeandika neno moja, "uzee".

Majibu ya barua hayakuja. Sijui kama alifika, wala kama alikuwa na mtu wa kumfikia, wala kichwa chake kilitikiswa na nini. Pengine moyo. Pengine kweli ni uzee tu, na pengine kweli alitaka kurudi. Enoki alilishika hilo la mwisho kwa muda, kisha akaliacha.

Alibaki kwenye kazi ile miaka minne zaidi. Kila aliyefika mezani kwake alimwuliza swali, akasubiri jibu kwa mdomo, akamwita mkalimani, akauliza tena kwa namna nyingine, akasubiri tena. Mstari wake ukawa mrefu kuliko mistari yote ya kambi. Wakubwa walimwandikia onyo la uzembe, na wakimbizi wenyewe walimnung'unikia wakimwita yule karani mzito. Hakujitetea hata siku moja. Nilipopita pale jioni nikielekea nyumbani, nilimkuta bado amekaa, miwani usoni, mkono umeinuliwa kumzuia mkalimani asiseme haraka, akimsubiri mtu wa mbele yake amalize.